Mshikio Uliong'aa

Gharibu hakuwa mwizi, na hilo ndilo lililomtesa. Mwizi akibanwa na roho yake anajua la kufanya: anarudisha mali ya watu, anaitupa mlangoni, anakimbia. Yeye angerudisha nini? Alikuwa fundi wa vyombo pale sokoni Kasulu, mtu wa Ujiji aliyepanda milimani na mkewe na binti yake kutafuta riziki, mwenye kibanda cha bati na jina zuri. Hakuchukua kitu cha mtu. Alichanganya gundi tu, akaichanganya vibaya huku akijua.

Miaka hiyo ya sabini birika jipya lilikuwa habari ya kusikia. Duka la kijiji lilikuwa na chumvi leo, kiberiti kesho, na siku nyingi lilikuwa na mwenye duka peke yake akipunga nzi. Kwa hiyo watu walitengeneza kile walichokuwa nacho, na kitu cha kwanza kufa kwenye birika ni mshikio. Gharibu alikuwa amejifunza dawa yake Kigoma, kwenye karakana ya maboti, ambako matundu yalizibwa kwa gundi ya makopo mawili. Unamimina ute wa kopo hili, unamimina wa kopo lile, unakoroga, unangoja, na baadaye una kitu kigumu kama pembe ya ng'ombe. Lakini gundi hiyo peke yake haifai. Inatiririka kabla ya kukauka, na ikishakauka inapasuka. Inataka kijazo, yaani unga wa kitu kingine wa kuishikisha na kuiongeza wingi. Gharibu alitumia unga wa mninga aliouzoa kwa seremala. Mishikio yake ilitoka ya kahawia, mibaya ya kutazama, lakini chai ilichemka chini yake na bibi kizee akaishika kwa mkono mtupu huku akiendelea na maongezi yake.

Shida ilianza kwa uzuri. Jirani yake sokoni alikuwa akisawazisha midomo ya sufuria za alumini kwa tupa, na miguuni pake vumbi jeupe lilimeremeta kutwa nzima. Siku moja Gharibu alichota kidogo kwa vidole, akatia kwenye gundi. Mshikio ukatoka na vinyota. Wanawake wakaushangilia, na kwa kuwa vumbi lenyewe lilikuwa dogo, halikumdhuru mtu. Kisha lori lililomletea makopo kutoka Kigoma likachelewa, likachelewa tena, gundi ikawa inakwisha huku wateja wamejaa kibandani. Gharibu akaacha mninga, akajaza alumini. Gundi kidogo, alumini tele, mpaka mchanganyiko ukasimama kwenye sahani kama ugali. Gundi iliyokuwa ikitoa mshikio mmoja sasa ilitoa mitatu, na yote iling'aa kama fedha.

Wa kwanza aliupeleka nyumbani. Asubuhi yake mkewe Mwamvua alimwita jikoni.

"Baba Zena, hebu shika hapa."

Alishika, akaachia upesi.

"Umeona? Ule wa zamani niliushika tu, hata birika likitokota. Huu unachoma."

"Ni alumini," Gharibu alisema, akipuliza vidole. Alipenda kueleza mambo ya kazi yake, na hakujizuia hata pale. "Gundi yenyewe haipitishi moto, wala unga wa mti haupitishi. Chenga za alumini zinapitisha. Zikiwa chache, kila moja inaelea peke yake ndani ya gundi, moto ukifika unakwama. Zikiwa nyingi zinagusana, na moto unapita kutoka hii kwenda ile, kama watu wanaopanga mstari kisimani wapitishiane ndoo."

"Sasa kama unajua hivyo, mbona unawawekea watu?"

"Watashika kwa kitambaa. Nani anashika birika la moto mkono mtupu, Mwamvua?"

Mwamvua alichana kipande cha kanga kuukuu, akauzungushia ule mshikio, akafunga fundo. Gharibu alilitazama lile fundo na moyo ukamwambia neno, naye akauambia moyo unyamaze kwa kuwa lori litakuja wiki ijayo.

Haikupita siku nyingi akaja mama mmoja wa kijiji cha Kitanga jina lake Pelagia, mrefu, mcheshi, na birika kifuani kama amebeba mtoto. Yeye na mumewe, mzee Ntirampeba, walivuka mpaka kutoka Burundi mwaka wa sabini na mbili, wakikimbia mauaji, na birika hilo lilivuka pamoja nao wakati vitu vingi na watu wengi hawakuvuka.

"Mwakeye, fundi! Mkono wa birika langu umevunjika. Na mimi ninaoza mwana wanje, mwanangu Reverien. Mkazamwana anatoka Kitahana kule Kibondo, binti wa Evaristi, anaitwa Immakulata. Nataka birika lipendeze siku ya gutwikurura, siku tunamtoa ndani mbele ya wazee. Niwekee ule unaong'aa."

Gharibu alimwekea uliong'aa kuliko yote. Pelagia aliugeuza juani, akacheka, akasema fundi huyu Mungu amempa vidole. Ilitakiwa hapo Gharibu aseme, "Mama, ushikwe kwa kitambaa." Maneno yenyewe ni machache, hata bubu angeyaonyesha kwa mikono. Lakini mtu akisifiwa hapendi kukatiza, na Gharibu alikuwa anasifiwa. Akanyamaza, akamfungia birika kwenye gazeti.

Aliporudi tena, Pelagia hakuwa anacheka. Aliweka mezani birika lililopinda mdomo.

"Ninyooshee mdomo, fundi. Mkono uliouweka ni mzima, haukupata hata ufa. Ni yule binti ndiye hakuwa mzima."

"Kumetokea nini, mama?"

"Yoo, ni aibu tu! Kwetu, mkazamwana akitolewa ndani anawamiminia wazee chai amepiga magoti. Anashika birika kwa mikono mitupu. Akishika na kitambaa, wazee watasema ametuona sisi wachafu. Na birika haligusi chini mpaka mzee wa mwisho apate. Kila mzee anasema baraka zake kwanza, ndipo anapewa. Alianza vizuri. Wa kwanza, wa pili, wa tatu. Akafika kwa mume wanje, baba mkwe wake mwenyewe, mzee anasema baraka, anasema, anasema, binti akalitupa birika! Chai ya moto yote kwenye mguu wa mzee. Akakimbia ndani. Tumemuuliza, anasema mkono wa birika umemchoma. Wazee wanasema ni dharau, hakutaka kuolewa huku. Tumemrudisha kwao Kitahana, waongee naye."

Gharibu alitazama mikono ya Pelagia, iliyokuwa inasubiri mezani, akatazama mshikio wake uking'aa kati yao, mzuri, hauna ufa.

"Na mkono wake? Wa binti?" aliuliza.

"Una lengelenge. Wazee wanasema ni chai imemrukia."

Hapo mlango ulikuwa wazi mbele yake, mpana wa kupita ng'ombe. Gharibu hakupita. Alisema, "Niachie hapa, mama, uje jioni," na Pelagia alipokwenda zake kununua dagaa, alichukua msumeno akaukata ule mshikio. Alikuwa na ute kidogo aliouweka akiba. Akauchanganya na unga wa mninga, kwa uangalifu ambao hajawahi kuutumia, akatengeneza mshikio wa kahawia, akaunyoosha na mdomo. Alijiambia kwamba anarekebisha. Ukweli alikuwa anaogopa, na mtu anayeogopa ana maneno mazuri sana ya kujiambia.

"Mbona umebadilisha?" Pelagia aliuliza jioni.

"Huu ni imara zaidi, mama. Zawadi yangu."

"Ulikuwa mzuri ule," Pelagia alisema kwa masikitiko, akamshukuru, akaondoka. Ule uliokatwa Gharibu aliusukuma kwa mguu chini ya meza, kwenye takataka.

Kwa muda alilala vizuri. Alijua birika la Kitanga halitamchoma mtu tena, na akawaza kwamba mambo ya ndoa huzungumzwa yakaisha, kwamba binti atarudishwa, watachinja kuku. Lori likaja. Akarudia mninga, wateja wapende wasipende. Kisha akaja Reverien mwenyewe, yule bwana harusi, kijana mwenye mabega ya kulima na macho ya mtu ambaye hajala, ameleta taa ya karabai izibwe. Alikaa kwenye benchi akitazama chini, kisha akaanza kuzungumza.

"Mama alisema wewe ni mtu mwema. Ulimtengenezea birika bure."

"Ni kitu kidogo," Gharibu alisema.

"Si kidogo. Birika ulilotengeneza limetuonyesha ukweli, ingawa ukweli wenyewe unaniuma. Evaristi, baba wa mke wangu, alikuja kutoka Kitahana. Akasema binti yake hasemi uongo, birika lipimwe. Baba akakubali. Tukachemsha chai, ikatokota kabisa. Wazee wakalishika mmoja mmoja, mikono mitupu. Baridi. Evaristi akashika, akaona baridi, akainamisha kichwa mbele ya watu. Nikashika na mimi." Alifungua kiganja chake akakitazama. "Nilikuwa nimemwamini mke wangu, fundi. Nilikuwa nimewaambia watu wote namwamini. Nikashika lile birika nikaona mke wangu mwongo. Sasa ndoa inavunjwa. Wazee wa pande zote watakaa kwetu kumaliza."

Gharibu aliinama juu ya karabai asionekane uso. Kwa hiyo hakurekebisha kitu. Alichoma mkono wa msichana kwanza, kisha akaufuta ushahidi wake pekee, na kwa zawadi. Kwa muda wote aliolala vizuri, kuna mtu Kitahana alikuwa analala akiitwa mwongo, na baba yake ameaibika kwa ajili ya kumwamini. Aliona haya mpaka masikio yakawaka. Akaiziba karabai, akakataa malipo, na Reverien akamshukuru tena, jambo ambalo lilikuwa baya kuliko kutukanwa.

Nyumbani alimweleza Mwamvua yote. Alitegemea ugomvi, na angeupokea kwa furaha. Mwamvua hakugombana. Alikwenda jikoni, akalileta birika lake, akafungua lile fundo la kanga taratibu, akauondoa ukanda wote mpaka mshikio ukang'aa mtupu. Akaliweka miguuni pa mumewe.

"Wakisikia watu, kibanda kimekufa," Gharibu alisema.

"Kitakufa," Mwamvua alisema. "Zena naye ataolewa siku moja, baba Zena. Sijui atakwenda kushika birika la nani."

Siku ya kikao Gharibu alipanda lori la mihogo hadi Kitanga, birika la Mwamvua mapajani, na mfukoni donge la nta ya nyuki na kile kipande cha mshikio alichokichokoa chini ya meza. Uwanja wa Ntirampeba ulikuwa umefagiwa. Wazee walikaa kwenye viti vya chini, Ntirampeba mwenyewe mguu umefungwa kitambaa, umenyooshwa mbele yake. Ng'ambo alikaa Evaristi, na nyuma ya Evaristi, juu ya mkeka, binti mwembamba aliyefunika mkono wa kulia kwa upindo wa kanga. Huyo ndiye alikuwa Immakulata. Gharibu alikuwa hajawahi kumwona. Alidhani angekuwa mkubwa zaidi.

"Fundi wetu!" Pelagia alisema. "Karibu, umekuja kutusaidia?"

"Nimekuja kusema, mama. Mniruhusu wazee wangu."

Walimruhusu. Alisema bila kuzunguka, kwa sababu alijua akizunguka hatafika. Alisema mkono wa birika uliotumika siku ile sio huu walioupima. Alisema ameukata yeye, kwa woga, baada ya kusikia yaliyotokea. Alikitoa kile kipande mfukoni, akampa Pelagia.

"Ndio wenyewe," Pelagia alisema polepole. "Ulikuwa unang'aa hivi." Akawageukia wazee. "Mimi niliona umebadilika rangi. Sikujua kama rangi ni neno la kusema."

Wazee wakatazamana. Wanaume hawa waliyajua mabirika kwa kuletewa chai tu, na hakuna hata mmoja aliyekuwa ameona kwamba mkono ulikuwa mweupe kama fedha na sasa ni wa kahawia.

"Mkono ni mkono," mzee mmoja alisema. "Rangi inachoma?"

"Rangi haichomi, mzee. Ni kile kilichojazwa ndani ya gundi." Akaomba moto. Mabirika mawili yakawekwa juu ya mafiga, la Pelagia na la Mwamvua, chai ile ile, kuni zile zile. Gharibu alifinyanga nta vipande viwili sawa, akabandika kimoja juu ya kila mshikio. Watu wakasogea. Chai ilipoanza kuimba, nta ya mshikio uliong'aa ililegea, ikalala, ikateremka tone kwa tone hadi kwenye kifuniko. Ile ya mninga ilikaa palepale ilipobandikwa. Evaristi aliinuka akaigusa kwa kidole, akarudi kukaa, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi akainua kichwa.

"Wewe ulijua?" Ntirampeba aliuliza. "Ulipompa mke wangu, ulijua?"

Gharibu alitamani swali lingine lolote.

"Nilijua, mzee. Mke wangu aliniambia kabla. Nilidhani kila mtu anashika kwa kitambaa. Sikuuliza. Sikusema. Na nilipoambiwa binti ameungua, nilijificha."

Minong'ono ikapita uwanjani. Mzee mmoja akasema basi, limeisha, fundi amekosa, binti hana kosa, chai imiminwe tuendelee. Ndipo sauti ikatoka kwenye mkeka, ndogo, na watu wote wakageuka kwa sababu walikuwa wamesahau kwamba yuko.

"Halijaisha," Immakulata alisema. Alikuwa amesimama. "Mnasema fundi amekosa, lakini bado mnaniona mtu wa kutupa birika. Amimine yeye. Apige magoti, ashike lile linalong'aa. Na ninyi wazee mseme baraka kama mlivyosema siku ile. Msipunguze."

Hakuna aliyemkataza. Evaristi alimtazama binti yake kama anayemwona upya. Gharibu akavua kofia, akapiga magoti kwenye mavumbi, akalichukua birika la mkewe kutoka motoni kwa viganja vyake viwili. Vilikuwa viganja vya fundi, vimekomaa kwa tupa na nyundo, na alijiambia kwamba vitastahimili.

Mzee wa kwanza alianza baraka. Aliombea nyumba, ng'ombe, mvua. Mwanzoni ngozi ngumu ya viganja ilisikia joto tu, joto la kawaida. Kabla mzee hajafika kwenye watoto, moto ulikuwa umeingia chini ya ngozi. Gharibu akammiminia, akasogea kwa magoti hadi kwa wa pili. Mzee wa pili naye hakupunguza. Aliwataja mababu waliobaki ng'ambo ya mpaka, akawataja kwa majina, na kila jina Gharibu alilisikia mkononi. Alibadilisha vidole, akauma meno, akatazama yule binti aliyesimama wima kando ya mkeka. Alijua kwa hakika kwamba anastahili. Hilo pia halikumsaidia. Mzee alikuwa bado katikati ya majina wakati Gharibu alipoliweka birika chini, kwenye mavumbi, mbele ya wote, akavikumbatia viganja vyake kifuani.

Hakuna aliyecheka. Mzee wa pili alikaa na kikombe chake kitupu. Ntirampeba alikuwa akiutazama mguu wake uliofungwa.

"Binti alipita watatu," alisema. "Mimi nilikuwa wa nne. Na mimi ndiye nilisema maneno marefu kuliko wote."

Immakulata aliachia upindo wa kanga. Ngozi ya kiganja ilikuwa imekunjamana, nyekundu, na vidole viwili havikunyooka. Reverien alipiga hatua kumwendea, kisha akasimama, kwa sababu hakujua kama bado anaruhusiwa. Pelagia ndiye aliyekwenda. Alijifungua kitambaa cha kichwa, nywele zake za mvi zikabaki wazi mbele ya wanaume, akamnyooshea mkazamwana wake.

"Ushikie hiki, mwana wanje. Kuanzia leo ni kwa kitambaa."

Immakulata hakukipokea.

"Shika wewe, mama," alisema. "Mimi bado naumwa."

Akarudi kwenye mkeka, akakaa kando ya baba yake. Pelagia alisimama na kitambaa mkononi. Kisha akauzungushia mshikio, akalinyanyua birika kutoka mavumbini, akawapita wazee wote, mume wake pia, akapiga magoti mbele ya yule binti na kummiminia chai.

Gharibu aliona hayo yote akiwa bado chini. Hakuna aliyemwambia ainuke, wala aliyemwambia aondoke. Alifungua viganja vyake akavitazama. Malengelenge yalikuwa yanapanda, mekundu, na yangepona. Ya fundi hupona upesi, si kama vidole vya yule binti. Alijua hivyo, na hapo ndipo alipolia.